Daftari la Nyangumi



Wengi wenu mmezaliwa kando ya Ziwa Tanganika kama mimi. Maji mnayajua. Mwajua ndagaa, mikebuka na sangala. Mwajua usiku usio na mwezi, wavuvi wakiwasha taa zao hata ziwa lafanana na mji. Lakini nyangumi hatunaye. Kila mwaka nikifundisha watoto habari za nabii Yona, huniuliza: "Mwalimu, samaki yule alikuwa mkubwa kadiri gani?" Nami kwa muda wa miaka kumi na miwili niliwajibu kwa kunyosha mikono na kusema: "Kupita nyumba hii ya shule." Nilisema nisichokiona.

Katika likizo ya mwezi wa Agosti, mwaka 2023, Mungu alinijalia kwenda kuona. Mtoto wa baba yangu mdogo afanya kazi Malindi, katika nchi ya Kenya, akaniita nikamtembelee. Nikavuka ziwa mpaka Kigoma, na tangu huko nikapanda basi baada ya basi, hata siku ya sita nikafika pwani ya Bahari ya Hindi na miguu imevimba.

Malindi ni mji wa kale. Vasco da Gama alifika hapo mwaka 1498. Karibu na bahari kipo kikanisa kidogo cha Wareno, na nje yake makaburi. Mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Xaveri, akienda Bara Hindi kuhubiri Injili, alishuka Malindi, akamzika mtu mmoja wa meli yake aliyekufa njiani. Nilipiga magoti hapo, nikawaombea mapadri wetu na ninyi wote. Mtakatifu alifika Goa mwezi wa Mei, basi alipita Malindi kabla ya majira ya nyangumi. Yaelekea hakuwaona. Katika jambo hilo moja nimempita mtakatifu mkubwa, na ndugu yangu alinicheka sana nilipomwambia.

Majira yao ni tangu mwezi wa Julai mpaka Septemba au Oktoba, na mahali pa kuwatazamia ni Watamu, mwendo mfupi kusini ya Malindi. Pwani ya Watamu ni mchanga mweupe kama unga wa muhogo. Maji yakipwa, watu waenda kwa miguu mpaka kwenye miamba iliyosimama katikati ya ghuba, ambayo chini yake imeliwa na mawimbi hata kila mmoja wafanana na uyoga. Kasa huja usiku kutaga mayai katika mchanga. Tangu mwaka 1968 serikali imeitenga sehemu ya bahari hiyo, samaki wasivuliwe humo wala matumbawe yasivunjwe. Huko nyuma, katika hori ya Mida, ipo mikoko mingi na ndege wa kila namna. Mtu angeweza kukaa mwezi mzima akimsifu Muumba asichoke. Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya nyangumi.

Tulitoka alfajiri, watu tisa katika mashua yenye injini. Nahodha alikuwa mzee wa Kiislamu, mpole, mwenye maneno machache. Aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa dini kutoka Kongo alinipa mahali pazuri pa kuketi, akasema: "Mwalimu, kusi inavuma. Ukilewa, usione haya." Nililewa, wala sikupata nafasi ya kuona haya. Mawimbi ya bahari si kama ya ziwa letu. Yetu ni mafupi, yapiga haraka kama mtu mwenye hasira. Yale ni marefu, yakuinua taratibu na kukushusha taratibu, na tumbo lako labaki juu.

Saa tatu nzima hatukuona kitu. Wenzetu wengine walianza kunung'unika juu ya fedha zao. Ndipo nahodha akanyosha kidole pasipo kusema. Mbali kidogo, juu ya maji, moshi mweupe ulisimama, ukapotea. Ukasimama tena, na kando yake mwingine mdogo. Haukuwa moshi, bali pumzi. Maana nyangumi si samaki, ndugu zangu. Ana mapafu kama sisi, hupumua hewa kwa matundu yaliyo juu ya kichwa, huzaa mtoto na kumnyonyesha. Mama na mwana ndio waliokuwa pale.

Nitawaelezeaje? Mgongo ulitoka majini, mweusi, wenye nundu ndogo, ukapita, ukapita, nami nikangoja uishe, haukuisha upesi. Nyangumi wa namna hiyo aweza kufikia urefu wa mita 15, na uzito wa tani 30 na zaidi. Mtoto wake huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi, na uzito karibu na tani moja. Huyu mdogo aliruka ovyo ubavuni mwa mamaye, akaanguka kwa kishindo, kama watoto wetu wafanyavyo mtoni baada ya masomo.

Hawa hutoka katika bahari ya barafu, upande wa kusini wa dunia. Huko ndiko kwenye chakula chao, vidudu vya baharini vinavyofanana na kamba wadogo, ambavyo huwala kwa tani. Baridi ikizidi, huondoka, husafiri maelfu ya kilometa mpaka kwenye maji ya joto ya Msumbiji, Bukini, Tanzania na Kenya, kuzaa na kulea. Na katika maji hayo ya joto mama hapati chakula, au hupata kidogo mno. Kwa muda wa miezi mingi yeye aishi kwa mafuta yaliyo mwilini mwake, na kutoka katika mafuta hayo hayo atoa maziwa mazito ya kumnyonyesha mwana, kisha ampeleka njia yote ile ya kurudi. Sisi tuhesabuo siku arobaini za Kwaresima, tena kwa kulalamika! Lakini sitaki kumfanya mnyama kuwa mtakatifu. Yeye hafungi kwa kutaka, ndivyo alivyoumbwa. Nasema tu kwamba aliyemuumba hivyo alijua ni nini upendo wa mama, kabla hajaumbwa mama yeyote.

Katika kitabu cha Mwanzo, viumbe wakubwa wa baharini watajwa siku ya tano, kabla ya mtu. Katika kitabu cha Danieli, vijana watatu waliotupwa katika tanuru ya moto waliviita viumbe vyote vimhimidi Bwana, na hao wakubwa wa majini waliitwa pia. Mapadri wetu husali wimbo huo katika Masifu ya asubuhi, siku za Dominika na za sikukuu. Nami niliusikia mara nyingi mlangoni mwa kanisa pasipo kuwaza lo lote. Sasa naona kwamba wale vijana, katikati ya moto, waliwakumbuka wanyama ambao pengine macho yao hayajawaona kamwe.

Na habari ya Yona? Watoto watauliza tu, basi niwaambieni. Nyangumi huyu mwenye nundu ana kinywa kikubwa ajabu, lakini koo lake ni jembamba, hawezi kummeza mtu. Msigombane juu ya hilo. Maandiko yasema Mungu alimwandaa samaki mkubwa, wala hayakutwambia kabila lake. Bwana wetu aliposema juu ya ishara ya Yona hakutufundisha habari za samaki, bali habari za siku tatu za kaburini.

Sasa sikilizeni jambo lililonipata.

Mashua yetu ilisimama mbali nao, yapata mita mia. Wenzetu wawili, wenye vyombo vya kupigia picha, wakamwambia nahodha asogee. Akakataa. Wakamwonyesha noti. Akasema: "Mama ana mtoto. Tukisogea, atamchukua na kukimbia, na nguvu alizo nazo ni za safari." Wakaongeza noti. Mzee akazima injini kabisa, akakunja mikono. Basi tukakaa kimya tukielea. Ndipo wale wawili wenyewe, kwa kutaka kwao, wakaja kidogo kidogo mpaka tukasikia pumzi yao, sauti nene kama ya mifuo ya mhunzi. Kisha mama akainamisha kichwa, akainua mkia wote juu, maji yakamwagika kwenye ncha zake, akazama. Ilikuwa nukta moja tu.

Alikuwamo mashuani binti mmoja Mkenya ambaye kazi yake ni kupiga picha za mikia. Jioni, pale pwani, alitufungulia daftari lake. Upande wa chini wa mkia wa kila nyangumi wa namna hii una madoa meupe na meusi, na makovu, wala mikia ya nyangumi wawili haifanani, kama vile alama za vidole vyetu. Basi wataalamu wa nchi nyingi huweka picha hizo na kuzilinganisha, na hivyo waweza kusema: huyu tuliyemwona hapa ndiye yule aliyeonekana mahali fulani, mwaka fulani. Kila mmoja ana namba yake. Ni kama daftari la Ubatizo la misioni.

Nikamwuliza: "Binti yangu, na huyu wa leo ni nani?" Akaitazama picha yake muda mrefu. Ilikuwa na ukungu, maana maji yalirukia kioo. Mmoja wa wale wenye noti akasema kwamba mkia ule wafanana na mmoja aliyemwona katika daftari, ukurasa wa nyuma. Aandike namba ile, mambo yaishe. Binti akatikisa kichwa. Akaandika tarehe, saa, mahali, "mama na mtoto", na mbele ya jina akaandika: "Hakutambulikana."

Kisha akatueleza kwa nini. Katika karne iliyopita, nyangumi zaidi ya 200,000 wa namna hii waliuawa katika nusu ya kusi ya dunia, kwa ajili ya mafuta na nyama. Mwaka 1963 mataifa yakakataza kuwawinda huko. Lakini meli za Urusi ya Kikomunisti, tangu mwaka 1947 na kwa miaka ishirini na mitano hivi, zilikuwa na madaftari mawili. Kila kikosi cha meli kilipewa hesabu ya kutimiza, na aliyeitimiza alipata sifa na tuzo, kwa hiyo waliua hata pasipo haja. Katika daftari walilowaonyesha mataifa waliandika nyangumi wenye nundu 2,710. Waliouawa kweli walipita 48,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika pwani za Australia na New Zealand, nyangumi walianza kukosekana, vituo vya kuwinda vikafungwa kimoja kimoja, na wataalamu wakashangaa kwa maana hesabu za vitabuni hazikueleza upungufu mkubwa kama huo. Hakuna aliyewatafuta waliopotea, kwa kuwa vitabuni hawakupotea.

Baada ya kutoa hesabu, mabaharia wataalamu waliamriwa kuteketeza karatasi za kweli. Mmoja wao, Dmitri Tormosov, aliwaambia wenzake wasizichome. Alizificha karatasi hizo chini, katika ghala lake la viazi. Mwaka 1993, utawala ule ulipokwisha kuanguka, mtaalamu Alexei Yablokov alisema ukweli hadharani, na karatasi za ghalani zikasaidia kuuthibitisha. Leo nyangumi hawa wameongezeka tena mahali pengi, na hesabu yao yajengwa juu ya karatasi zile.

Wenzangu walistaajabu, wakasema maneno makali juu ya Warusi. Mimi nilinyamaza. Nilikwenda peke yangu kando ya maji, nikaketi mchangani mpaka usiku.

Maana mimi nami nina daftari, ndugu zangu. Ni la wakatekumeni wa mwaka wa pili. Yamo majina thelathini na manane. Kila aliyehudhuria mafundisho hupigiwa alama, na alama yetu, kama mjuavyo, ni msalaba mdogo. Kwaresima ya mwaka ule walikuja ishirini na tisa, pengine ishirini na saba. Lakini ripoti ilikuwa itasomwa mbele ya makatekista wote wa misioni, na mwaka uliotangulia kituo changu kilitajwa cha mwisho. Basi usiku mmoja, mwezi wa Machi, niliwasha taa, nikawapigia misalaba wote. Siku ya mkutano nilisifiwa, nikapewa makofi. Warusi walipunguza, mimi niliongeza. Amri ya nane ni ile ile moja. Tena wao hawakutumia msalaba wa Bwana kuandika uongo wao.

Nilijitetea kwa muda wa miezi mitano: "Nimemdhulumu nani? Hakuna fedha iliyoibwa." Pale Watamu, giza likiingia, nilimkumbuka mchungaji wa Injili ya Luka mwenye kondoo mia. Nimefundisha mfano huo mara nyingi, na siku zote nilisema juu ya mabega ya mchungaji na furaha yake. Sikuwahi kujiuliza alijuaje kwamba mmoja hayupo. Alihesabu! Jioni, mlangoni mwa zizi, alihesabu kwa kweli, akapata tisini na tisa, na hakuona haya kusema tisini na tisa. Kama angekuwa mtu wa kutaka sifa, angaliandika mia, akafunga mlango, akalala. Na yule mmoja angelikufa porini huku daftari linasema yumo ndani.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Katika wale tisa alikuwamo kijana wa miaka kumi na minne, namba 17, mwenye akili nyingi kuliko wote, aliyekuwa akikariri Sala ya Kuungama pasipo kosa. Tangu Jumatano ya Majivu hakuja tena. Nilijua hakuja. Kwa nini hakuja, sikujua, maana ule msalaba mdogo ulinipa ruhusa ya kutouliza.

Niliporudi misioni nilikwenda kwanza kuungama. Lakini mwajua sheria: padri hawezi kulitumia neno la Kitubio nje ya Kitubio. Basi nilitoka, nikaenda ofisini kwake kama mtu mwingine ye yote, nikaliweka daftari mezani, nikasema yote tena. Mikono yangu ilitetemeka kuliko mle kanisani. Padri akafungua kurasa, akatazama muda mrefu, kama yule binti alivyoitazama picha. Sikusikia karipio. Akachukua kalamu nyekundu, akanipa mimi. Tukapita jina kwa jina. Kila penye msalaba wa uongo nikaandika: "Hakuja." Tulipofika namba 17, padri akauliza: "Huyu yuko wapi?" Nikasema: "Sijui, Padri." Akasema: "Kesho tutakwenda kuangalia."

Kijiji chake ni mwendo wa saa mbili kwa mtumbwi. Tulimkuta nyuma ya nyumba, amekaa chini, wavu umelala mapajani. Baba yake alikuwa ndani, mguu umevunjika tangu mwezi wa Februari na kuunganika vibaya, hawezi kusimama mtumbwini. Wadogo zake ni wanne. Kijana alikuwa akivua ndagaa kila usiku na kulala mchana, saa za mafundisho. Alipotuona alisimama, akaficha mikono yake iliyokatwa na kamba.

Akasema: "Shikamoo Padri, shikamoo Mwalimu. Nilidhani mmekwisha kunifuta."

Sikuweza kumjibu. Nilifungua daftari, nikamwonyesha jina lake, na neno jekundu nililoliandika jana yake. Alilisoma kwa sauti, polepole, akatikisa kichwa kwamba ni kweli. Padri aliingia ndani kwa mgonjwa. Mimi niliketi chini karibu na kijana, nikashika upande wa pili wa wavu, tukashona mpaka jua likatua.